Nilipeleka Pua Yangu kwa Jina ya Tantine

Bandeko, ndugu zangu, leo nimeaibika. Si ile haya ya kuteleza mu matope sokoni, unaamuka, unapangusa kikwembe, unaendelea na safari. Hapana. Hii ni haya ya mbele ya docta, mbele ya Mama Pasteur, mbele ya sufuria ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Sasa niko nyumbani, mulango imefungwa, sahani yangu bameitenga na sahani za batu, na sina kazi ingine ya kufanya. Acha niwaambie miye mwenyewe hapa mu groupe yetu ya simu, juu Mama Générose wa hopitali atawaambia kesho, na yeye anaongezaka chumvi.

Kwa bale baliingia mu groupe juzi: tantine yangu ni dada ya baba. Anaitwa Mave Jacqueline. Na miye ninaitwa Mave Jacqueline. Ni ndoyi yangu. Baba alichukua jina ya dada yake akanipatia yote, mbele na nyuma, hakubakisha hata herufi. Na kwetu ndoyi si mutu wa kusalimia tu njiani. Ndoyi ni weye mwenyewe mu mwili ingine. Akikula, umeshiba. Bakimutukana, bamekutukana. Hata mu nyumba yeye ananiitaka "Ndoyi", na miye namwitaka "Ndoyi", na mutu anayepita inje anafikiri mule kuko mwenda wazimu mumoja anajibizana peke yake.

Tulipokimbia vita kutoka Djugu, yeye njo alinibeba mu mugongo, na kitanda aliiacha. Masomo yangu ilikatika kule. Kutengeneza simu nilijifunza miye mwenyewe hapa mu mutaa ya Nyakasanza, kwa kuharibu simu za batu (pole kwa bale ya mwanzo). Kwa hiyo mutu akimugusa tantine, miye siulizi kwanza. Napiga kelele kwanza, kuuliza ni ya kesho yake. Munanijua.

Bon. Tantine iko na kansere ya titi. Si siri, yeye mwenyewe alisimama kanisani akasema, "Muniombee, na mushike matiti yenu nyumbani muangalie kama iko na kitu kigumu." Wanaume wote baliangalia chini. Shida ni hii: docta wa kupasua kansere hayuko Bunia siku zote. Anakuya, anapasua bagonjwa bake hii juma moja, anarudi kwao. Ukimukosa, unangoja mupaka akuye tena, na kansere haijuaki kungoja. Tantine alikuwa wa kwanza ya kesho asubuhi. Wa kwanza! Nilikuwa nimekwisha kuwaambia hadi batu wa moto, ba pikipiki ya pale kona.

Lakini kuko sheria pale: mutu wa kansere haingii mu salle ya operasio mbele ya kupimwa virusi. Leo njo ilikuwa siku ya kupima ile ya Korona.

Na leo asubuhi, tantine akaamuka na kikohozi.

Kikohozi yenyewe nilijua kwenye ilitoka. Jana alikataa sombe yangu. Alionja kijiko kimoja, akasema, "Ndoyi, hii sombe iko na ladha ya betri." Akaenda yeye mwenyewe mu jikoni ya ba garde-malade, akainama, akapuliza mbabula yenye makala mabichi, moshi yote ikaingia ndani yake. (Garde-malade ni ule mutu wa familia anayelala na mugonjwa hopitali. Anapika, anafua, anagombana na ba infirmière. Ile kazi ya tatu njo naiweza zaidi.)

Basi nikawaza: bakimupima na hii kikohozi, batapata kitu. Bakipata kitu, operasio imekufa. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Générose, infirmière, muuguzi mukubwa wa salle yetu ya bagonjwa. Mama munene, polepole, macho yake inacheka mbele ya mudomo. Tangu tuliingia pale ananiita Maître, sawa avocat, wakili wa mahakamani.

"Mama Générose, kansere iko mu titi. Juu ya nini munapima pua?"

"Ah, Maître amekuya."

"Niko nauliza tu."

"Weye hauulizaka. Weye unapigaka kelele, kisha unaweka alama ya kuuliza nyuma."

"Lakini Korona iliisha! Hata radio haiisemaki tena."

"Virusi haisikilizaki radio, Maître."

(Bagonjwa bakacheka. Mugonjwa mumoja alishika hadi kidonda yake ya kushonwa. Niliwakasirikia wote.)

Kisha akaacha muchezo kidogo. Akaniambia, "Sikiliza. Mutu wa kansere, nguvu yake ya kupigana na ugonjwa iko chini. Tukimulalisha, tukimuwekea mupira ya kupumua, na kumbe virusi iko mu mapafu, titi itapona na yeye hatapona. Ukipatikana na virusi, hatukufukuzi. Tunangoja itoke, kisha tunapasua. Njo hivyo tu."

"Kungoja mupaka lini? Docta si anaenda!"

Akatengeneza cache-nez yake, ile barakoa ya pua na mudomo, akasema, "Njo maana tunamuomba Mungu apatikane safi."

Nyiye batu wa akili mungesikia yote aliyosema. Miye nilisikia neno moja: tunangoja.

Basi tukaenda kukaa ku banc ya labo. Anayepima ni Papa Anselme, muzee wa labo, muzuri sana, lakini leo bamemuvalisha ile nguo nyeupe ya plastiki, gant mu mikono, cache-nez, na miwani kubwa ya kufunika macho. Kila akipumua, miwani inajaa mvuke, sawa kioo ya gari mu mvua. Alikuwa anaita batu kwa kupapasa mulango.

Tantine akainama kwa sikio yangu. "Ndoyi, tumbo imeanza, ni woga ya ile kijiti ya kupima pua. Naenda choo. Chunga fasi yangu."

Bandeko, mutu akikuambia chunga fasi yangu, unafanya nini? Unaichunga. Niliichunga mupaka nikapita mupaka.

Juu alipoondoka tu, sauti ikatoka ndani: "Mave Jacqueline!"

Niliangalia kwa choo. Mulango imefungwa.

"Mave Jacqueline! Hayuko? Tunaita mwingine, yeye arudi kesho."

Kesho! Kesho njo siku ya kisu! Nilisimama nikimbie kumuita tantine. Naapa, muguu moja ilikuwa imekwisha kuanza kwenda choo. Lakini nikasikia kikohozi yake kule chooni, kho kho kho, na muguu ya pili ikakataa. Nikajiambia: Jacky, huyu mutu anakohoa. Weye ni muzima. Jina ni moja, damu ni moja. Anayeitwa ni Mave Jacqueline. Weye ni nani?

(Muzima, bon, na mafua kidogo. Tangu jana pua ilikuwa inatiririka, kichwa inagonga, usiku mwili ikawa moto kidogo. Lakini si ni vumbi! Nani mu hii muji hana mafua ya vumbi? Hapa Bunia hata mbuzi zinapiga chafya.)

Tantine alikuwa ameacha kitambaa yake ya kichwa ku banc. Nikaichukua, nikajifunga mupaka nyusi. Nikapandisha cache-nez, ambayo tangu asubuhi ilikuwa na kazi ya kuchunga kidevu. Nikainamisha mugongo, nikatembea sawa mutu mwenye anaumwa kiuno. (Tantine hata haumwaki kiuno. Sijui ile kiuno niliitoa wapi.)

"Ni weye Mave Jacqueline?" Papa Anselme anauliza.

"Njo miye." (Si uongo! Njo jina yangu! Hata mbele ya tribunal ningesema vile.)

"Miaka?"

Hapo sikuwa nimejitayarisha. Miaka ya tantine nani anaijuaka? Mutu mukubwa ni mutu mukubwa. Nikatupa miaka hamsini na mbili: "Cinquante-deux."

Papa Anselme akasogeza ile miwani yenye mvuke mupaka karibu na uso yangu. "Mama, Mungu amekuchunga vizuri sana."

"Ni mafuta ya mawese, papa. Na maombi."

"Na sauti pia ingali ya kijana."

"Ni kuimba mu korali."

"Sifa kwa Bwana. Inua kichwa. Usikamate mukono yangu."

Bandeko, ile kijiti. Miye nilifikiri itaishia mu pua, juu ni kipimo ya pua. Iliendelea. Ikapita nyuma ya macho, ikapita fasi naweka mot de passe, namba za siri za simu za batu wote wa Nyakasanza, ikagonga kisogo kwa ndani. Jicho ya kuume ikatoa machozi, ya kushoto ikangoja zamu yake. Mukono yangu ilikuwa imekwisha kukunja ngumi. Nikajikumbusha: Jacky, leo weye ni mama wa cinquante-deux ans, mutu wa heshima, hauwezi kumupiga Papa Anselme. Nikasema kwa sauti nzito, "Yesu wangu." Kisha nikapiga chafya mu miwani yake.

"Pole, mama," akasema. Pole! Yeye njo ananipa pole!

Nilipotoka, tantine anarudi.

"Ndoyi, baliniita?"

"Hapana. Leo bamebadilisha mupango. Banapima ba garde-malade tu. Nimekwisha kupimwa."

"Eh! Mungu asifiwe. Ile kijiti ilininyima usingizi." Akaniangalia muzuri. "Na kitambaa yangu iko nafanya nini mu kichwa yako?"

"Baridi."

"Baridi na hii jua?"

"Ni baridi ya ndani."

Akashika paji yangu ya uso, akasema niko moto. Nikatoa mukono yake. Nilijisikia muwerevu, bandeko. Nilijisikia sawa ningegombea ubunge.

Tukaenda kukaa mu hangar, kile kibanda wazi inje ya salle. Na tazama, bamama ya kanisa bakafika, Mama Pasteur mbele, na sufuria ya sombe yenye samaki ya ziwa, ile ya kweli, haina betri. Mama Pasteur, bibi ya muchungaji, ni mutu wa maombi marefu. Aliweka mukono mu kichwa ya tantine, akafunga macho, akaanza kufukuza kila kitu: uvimbe, woga, bachawi, virusi ya kila rangi. Miye nilikuwa naitika amina kupita wote. Kila aliposema virusi, miye "Amina!" mupaka mama mumoja akaniambia nipunguze.

Njo hapo Mama Générose akatokea. Kutoka mbali niliona macho yake haicheki. Alikuwa amevaa cache-nez mbili.

"Mave Jacqueline."

"Niko hapa, mama," tantine anasema.

"Tusogee pembeni kidogo."

"Sema hapa tu. Hawa ni bandugu."

"Kipimo yako imetoka. Iko positif, virusi iko."

Mukono ya Mama Pasteur ilitoka mu kichwa ya tantine sawa imegusa mbabula. Bamama bote bakarudi nyuma mara moja, pamoja, sawa korali yenye ilifanya mazoezi. Balikumbuka kubeba sufuria. Biblia balisahau.

Mutu mwenye akili, hapo njo angenyamaza. Nyiye munanijua.

"Hiyo kipimo yenu ni ya uongo!" nikasimama. "Tantine yangu hana Korona! Naapa mbele ya Mungu na mbele ya hii sufuria!"

"Maître, unajua namna gani?"

"Najua!"

"Unapimaka batu kwa macho?"

"Miye natengeneza simu! Kitu kizima na kitu kibovu navijua kwa kuangalia tu!"

"Basi muangalie tantine. Iko na charge ngapi?"

Batu ya hangar bakacheka. Miye nikapandisha sauti. Nikasema bataleta machine ingine. Nikasema nitaita radio. Nikasema sisi ya Djugu tumechoka kufukuzwa, bametufukuza nyumbani, sasa banatufukuza mu kitanda ya operasio! (Ile ilikuwa maneno kali, hata miye nilijipenda.) Kelele ikamutoa docta mwenyewe wa kupasua.

Ni mutu mudogo, na anaongea chini sana, ile ya kukulazimisha unyamaze ndipo usikie. Akavuta kiti, akakaa mbele ya tantine, mbali kidogo.

"Mama, pole sana. Siwezi kukupasua na hii virusi. Nitakuua. Kesho nitamupasua mugonjwa mwenzako, ule mama wa Komanda, fasi yako. Weye utangoja mupaka nirudi."

"Utarudi lini, docta?"

Docta akaangalia mikono yake. "Mama, sitakudanganya. Sijui. Ni ndege, ni njia, ni vita. Nitajua siku nikiwa njiani."

Nilingoja tantine alie. Hakulia. Aliinama, akavuta blanketi yake, akaanza kuikunja. Polepole, kona juu ya kona.

"Mupasue ule mama wa Komanda," akasema. "Na yeye iko na batoto." Kisha akaniangalia miye. "Ndoyi, usigombane nao. Bamefanya kazi yao. Chukua vyombo, turudi nyumbani."

Bandeko, nikachukua sahani, nikairudisha chini. Nikaangalia ile blanketi inakunjwa. Na nikaona vizuri kabisa: nikinyamaza, hakuna mutu atajua. Papa Anselme hakuona kitu. Tantine atasema ni mapenzi ya Mungu. Tutarudi nyumbani, na ile kitu mu titi yake itarudi pamoja na siye, na miye njo nitakuwa nimeibeba.

"Docta."

"Ndiyo?"

"Ile pua ni yangu."

"Pua gani?"

"Ile ya positif."

Mama Générose akashika nguzo ya hangar. Nikaeleza yote: choo, kitambaa, kiuno ya uongo, baridi ya ndani. Kila neno nilisema, bamama bakarudi nyuma tena hatua, lakini sasa balikuwa banarudi nyuma juu yangu. Miye njo nilikuwa katikati yao nasema amina na mudomo wazi!

Papa Anselme akaitwa. Akatoa miwani, akaipangusa mu tumbo ya nguo, akaniangalia kwa mara ya kwanza na macho kavu.

"Njo huyu? Njo mama wa cinquante-deux ans?"

Tantine akaacha blanketi.

"Cinquante-deux? Nani iko na cinquante-deux?"

"Ndoyi, miye..."

"Weye uliambia batu miye niko na cinquante-deux?"

"Ndoyi, ilikuwa haraka..."

"Niko na quarante-six! Arobaini na sita! Hiyo ni haraka ya miaka sita! Docta, andikeni, niko na quarante-six!"

Mutu amefukuzwa mu operasio, amejua ameponyeka, na kitu alishika mbele ya yote ni miaka! Mama Pasteur akaficha uso mu kikwembe, mabega inaruka. Docta, nilimuona, cache-nez yake ilikuwa inaingia inatoka, inaingia inatoka. Hata ule mama wa Komanda alichungulia ku dirisha akauliza kulikuwa nini, bakamuelezea, akakaa chini.

Mama Générose peke yake hakucheka. Akanivuta pembeni kwa kidole, bila kunigusa.

"Maître, leo Mungu ametusaidia juu pua yako njo ilikuwa mubaya. Fikiri ingekuwa safi. Na ya tantine njo ingekuwa mubaya. Tungesema ni safi, tungemulalisha kesho. Angelala, hangeamuka. Na weye ungekuwa hapa inje na kitambaa yake, unangoja."

Nikatoa ile kitambaa mu kichwa, nikaikunja mupaka ikawa ndogo.

Bakanitenga nyuma ya kamba. Kamba ya kuanikia nguo, bandeko, na suruali ya mutu ingali juu yake. Kisha tantine akaingizwa kupimwa kwa kweli. Papa Anselme sasa hakutaka muchezo.

"Jina? Jina ya baba? Kijiji? Toa kitambaa. Shusha cache-nez nione uso. Mama Générose, ni yeye?"

"Ni yeye."

"Una hakika?"

"Nina hakika, papa."

"Na ule mwingine iko wapi?"

"Nyuma ya kamba."

"Mumuchunge."

Kijiti ikaingia. Tantine hakufunga macho. Kupitia mulango aliniangalia miye na ile jicho moja yenye machozi, mupaka kijiti ikatoka. Kipigo ya mukono ingekuwa nafuu.

Kungoja ile ya pili, ile njo ilikuwa kungoja. Sikuitika amina, sikugombana, sikuita radio. Nilikamata kamba tu. Bamama baliomba kutoka mbali, mikono imenyooshwa, maombi ya kurusha sawa mawe. Tantine alikaa peke yake ku kiti, na kila alipokohoa miye nilikufa kidogo.

Papa Anselme akatoka. Hakumuambia Mama Générose kwanza. Alitembea mupaka mbele ya tantine, akainama, akasema, "Mama wa quarante-six ans. Négatif."

Mama Pasteur alipiga kigelegele, mupaka mulinzi wa mulango akaingia mbio. Docta akasikiliza mugongo ya tantine na mupira yake ya masikio, kushoto, kuume, akasema mapafu iko muzuri, hii ni moshi. Akamukataza mbabula. Tantine akasema hataacha mbabula mupaka mutu fulani ajifunze kupika sombe.

Lakini haijaisha, bandeko. Juu tantine amekula na miye mu sahani moja hizi siku zote. Docta alisema virusi inaweza kuwa imekwisha kuingia, bado inajificha. Kwa hiyo kesho ni mama wa Komanda. Tantine amewekwa wa mwisho, siku ya mwisho kabisa mbele ya docta kuondoka, na kila asubuhi atapimwa ile kijiti. Aliyeogopa kijiti moja, sasa atapata ya kila siku. Akibakia safi, atapasuliwa. Fasi yake haijapotea. Imeponea kwa ukucha, lakini iko.

Docta akanifikia pale kwa kamba. "Weye, nyumbani. Usikaribie mutu. Kunywa maji mingi. Na asante kwa kusema."

"Docta, usimupe asante," Mama Générose akasema nyuma yake. "Atafikiri ameshinda kesi." Na macho yake ikaanza kucheka tena. Hapo njo nikapumua.

Nikataka kurudisha kitambaa. Tantine akapiga kelele kutoka mbali, "Bakia nayo! Mama wa cinquante-deux ans anahitaji kitambaa!"

Nikatembea kwa muguu mupaka Nyakasanza, juu sikutaka kumupa mutu wa moto virusi mu shingo. Na jua, na homa, na kitambaa ya maua. Njia nzima batoto banasalimia: "Shikamoo, mama."

Sasa hivi tantine amenitumia audio. Nilingoja kidogo mbele ya kuifungua, nikaogopa. Amekohoa kwanza. Kisha: "Ndoyi, umekula? Umekunywa maji? Usilale na dirisha wazi." Nikasikia bamama bananong'ona nyuma yake. Kisha akasema: "Ya pua nimekusamehe. Ya miaka, bado."

Nimeisikiliza mara mingi. Nimelia kidogo (ni homa).

Bon. Jambo yenyewe yenye nilikuya kuandika ni hii. Tantine hana garde-malade. Bamama ya kanisa banarudi nyumbani, na anahitaji mwanamuke wa kulala naye kuanzia leo mupaka siku ya operasio, muzima, bila mafua hata ya vumbi, na apimwe kwa jina yake mwenyewe. Mama Générose ameniuliza nitume mutu gani. Nimemuambia sichagui. Wa kwanza kucheka hapa mu groupe, njo achukue blanketi aende.